Je, kulia mbele za Mungu ni upungufu wa imani?

Muuliza swali, Mbeya
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, nami ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani usiku, huku mume wangu hana kazi na ada za watoto zinadaiwa. Siku hizi nikipiga magoti maneno hayaji, yanakuja machozi tu, na mmoja wa wanaotutembelea ameniambia kwamba machozi hayo ni dalili ya kumtilia Mungu shaka. Naomba mnieleze jinsi Mkristo aliyechoka kiasi hiki anavyoweza kupata faraja bila kujifanya ana furaha.

Mzee wa kanisa, Moshi
Pole sana, binti yangu. Aliyekuambia hivyo amekutwika mzigo mwingine, wala Maandiko hayamuungi mkono. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtumishi wake, na ile ya 88 inafika mstari wa mwisho ingali gizani. Hata hivyo zote mbili zimo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu, na hakuna aliyethubutu kuziondoa. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, ambayo ni kilio cha mtu anayejiona ameachwa. Maneno yakikukosa, soma zaburi hizo kwa sauti, hata mistari miwili tu kabla ya kulala, na uzihesabu kuwa sala yako.

Mwanajumuiya, Mwanza
Tumsifu Yesu Kristo. Nakubaliana na mzee, ila linabaki suala la nani anamgeuza mama usiku. Paulo aliwaandikia Wagalatia, "Mchukuliane mizigo", na kwa hali yako agizo hilo linatuhusu zaidi sisi tunaokuzunguka. Maaskofu wetu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozisisitiza jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi kati ya majirani wanaojuana, na jumuiya inayoishia kwenye sala na michango haijafika huko. Mwendee kiongozi wa mtaa wako na umtajie hitaji lenyewe, kwa mfano mtu wa kukaa na mama Jumamosi mchana ili ulale.

Muuguzi, Dodoma
Dada, Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akapata nguvu za kwenda Horebu. Ukiona hupati usingizi hata mama akiwa amelala, au unatamani kufa kama alivyotamani Eliya, nenda kituo cha afya bila kusita, kwa kuwa kutibiwa si kumkana Mungu.

Muuliza swali, Mbeya
Asanteni sana, nitamwona mzee wa mtaa kesho. Mama naye amepoteza usemi, na natamani tusali pamoja. Nifanyeje?

Muuguzi, Dodoma
Mwimbie nyimbo za kanisani alizozizoea tangu utotoni, polepole, ukimtazama usoni. Baadhi ya wagonjwa walioshindwa kuzungumza baada ya kiharusi huweza kuimba maneno wanayoyajua kwa moyo, na hata akishindwa, mshike mkono uendelee kuimba kwa niaba yenu wawili.