Mzee afanyiwe upasuaji wapi: Ndanda, Nyangao au Dar?

Mwana wa Chikongola
Wakuu habari za jioni, niko Mtwara mjini. Mzee wangu anatakiwa upasuaji mdogo. Watu wananitajia hospitali za misheni, wengine Ndanda, wengine Nyangao. Shemeji yuko Dar, yeye anasema nimpakie mzee kwenye basi, huko makanisa yana hospitali kubwa na mabingwa. Ipi afadhali? Jibuni mapema, msimu wa korosho bado na mfuko umetoboka.

Mchuma Korosho
Upasuaji mdogo wa nini? Mzee ana miaka mingapi? Ana bima? Ni kama unauliza nauli hujasema unakwenda wapi.

Mwana wa Chikongola
Samahani mkuu. Miaka 71. Ni mambo ya chini, ya kiume.

Fundi Saa
Sema busha au ngiri, humu sote watu wazima. Busha ni maji, na huku kwetu pwani mara nyingi chanzo ni ile minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo umepenya. Ikibana akaanza kutapika na tumbo likajaa, usingoje majibu ya uzi huu, mkimbize hospitali ya karibu usiku huohuo.

Mwana wa Chikongola
Ngiri. Akilala anairudisha kwa mkono.

Bi Shangani
Ndanda mwanangu. Nimejifungua watoto wawili pale na buibui langu, hakuna aliyeniuliza dini. Wabenediktini wako pale tangu 1906, wameshazoea Waislamu kuliko sisi tunavyowazoea wao.

Mtama Njiapanda
Bi Shangani heshima yako, ila Nyangao ni ya kale zaidi. Misheni ilichomwa kwenye Majimaji, 1905, ndipo wakaenda kuanza upya Ndanda. Na ukitoka Mtwara unaanza kufika Nyangao, nauli pungufu.

Fundi Saa
Historia haishoni ngiri. Muulize daktari wa upasuaji yupo wiki hiyo?

Mjukuu wa Lukuledi
Hapo kwenye daktari ndipo nilipoumia. Nilimpeleka baba mdogo hospitali moja ya kanisa, jina naliacha. Jumatatu tukalipa, akaambiwa asile kuanzia saa mbili usiku. Jumanne mzee kakaa kwenye benchi na njaa yake mpaka saa tisa alasiri, anatoka nesi: nguo za chumba cha upasuaji hazijakauka, mvua imenyesha. Nikachungulia dirishani, kweli, yale magauni ya kijani yametanda kwenye kamba yanadondosha maji. Jumatano daktari kaitwa kwenye semina. Alhamisi akapasuliwa, na kazi ilikuwa safi, siwanyimi haki yao. Ila siku ya kutoka, dirisha la malipo wakatudai kitanda cha siku zote, pamoja na zile za kusubiri nguo zikauke! Nikabishana nusu saa, nikalipa.

Mchuma Korosho
Kanisa siku hizi biashara tu.

Bi Shangani
Biashara gani? Wewe uzi na ganzi vinaokotwa barabarani?

Mtama Njiapanda
Tena nyingi zina mkataba na serikali, baadhi ya madaktari wanalipwa na serikali hiyohiyo. Zamani misaada ya Ulaya ilikuwa inaziba pengo. Sasa imepungua, pengo tunaliziba sisi.

Mchuma Korosho
Basi tungebaki na dawa za mizizi.

Fundi Saa
Mizizi ya ngiri hiyo imeshazika watu. Tusianze.

Mmakonde wa Ukonga
Niko Dar. Shemeji yako kachanganya. Hospitali ya CCBRT ya Msasani inasifika kwa macho, viungo na fistula. Huku Ukonga jimbo kuu la Katoliki lina hospitali ya Kardinali Rugambwa. Lakini piga hesabu: mgonjwa na msindikizaji watalala kwa nani? Halafu arudi na mshono kwenye basi zaidi ya kilomita 500, kila tuta linamgonga palepale. Ngiri ya kawaida haina haja ya Dar. Kwani hospitali ya mkoa ya Ligula si iko hapo mjini kwenu, mnaweza kwenda kwa miguu?

Mwana wa Chikongola
Ligula mzee hataki. Anasema kila anayepita wodini anamjua, jioni habari itakuwa imefika barazani.

Mchuma Korosho
Kumbe! Ungesema mwanzo. Hujatafuta hospitali, umetafuta maficho.

Bi Shangani
Mwacheni mzee na stara yake. Nenda Ndanda, beba sufuria na mkaa, ndugu wanajipikia. Na ukirudi niletee ming'oko, vile viazi pori.

Mtama Njiapanda
Ming'oko ya Mtama ndiyo yenyewe.

Bi Shangani
Ya Newala, usinidanganye.

Mwana wa Chikongola
Mzee kachukua simu, kausoma uzi wote. Kanuna. Anauliza huyo Mmakonde wa Ukonga ni mtoto wa nani.

Mchuma Korosho
Na bima hujajibu.