Fleti Orlando au Houston: mwenye viza ya kazi anapata wapi msamaha wa kodi ya majengo?

Mwana_Ukerewe
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu kabla sijaweka saini. Mwajiri wangu ana ofisi Orlando (Florida) na Houston (Texas), kaniachia nichague. Nipo kwa viza ya kazi ya H-1B, grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) bado iko kwenye foleni. Nataka fleti ya vyumba viwili kwenye kondominiamu (jengo ambalo kila mmoja anamiliki fleti yake), niishi humo na familia. Bei kote kuwili zinakaribiana, kama dola 280,000 hivi.

Kinachonichanganya ni huu msamaha wa kodi ya majengo wanaouita homestead. Wakala wa Orlando anasema "utaupata tu". Jamaa wa kazini anasema asiye raia asahau. Mwingine ananishauri nifungue kampuni ninunue kwa jina lake. Nani kaipitia njia hii? Nawasilisha.

MtuWaPangani
Mkuu, wakala analipwa ukinunua. Ukinyimwa msamaha yeye hapungukiwi na kitu.

Niko Tampa, nazungumzia Florida tu. Msamaha wa huku hautazami uraia, unatazama makazi ya kudumu. Sharti ni kwamba tarehe 1 Januari nyumba iwe yako na iwe ndiyo makazi yako ya kudumu, halafu fomu DR-501 iwe imefika kwa mthamini wa mali wa kaunti kabla ya tarehe 1 Machi kupita. Ndani ya fomu hiyo asiye raia anaulizwa namba yake ya uhamiaji. Mwenye grini kadi anapita bila tatizo, mimi nilipita nikiwa nayo. Mwenye viza ya muda anakwama hapo, kwa sababu mahakama za Florida tangu 1963 zinasema mtu aliyeruhusiwa kukaa kwa muda hawezi kisheria kudai kwamba makazi yake ni ya kudumu. Utawaambia H-1B inaruhusu kuomba grini kadi, na ni kweli, lakini dirishani wanaihesabu kuwa viza ya muda.

Kama mkeo ni raia au ana grini kadi na jina lake limo kwenye hati, basi aombe yeye.

DadaWaKaty
Karibu Houston kaka. Huku makaratasi ni mepesi zaidi. Sheria ya Texas haina sharti la uraia kwenye homestead. Inataka uwe mtu, siyo kampuni, uimiliki nyumba na uishi humo kama makazi yako makuu. Unajaza fomu 50-114 kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, unaambatisha nakala ya leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas, basi.

Penye kazi ni kwenye anwani. Anwani ya leseni lazima iwe ileile ya nyumba unayoombea. Kwa sisi wa fleti angalia mpaka namba ya mlango: leseni ikitaja jengo bila namba, au ikiwa bado ina anwani ya pale mlipokuwa mnapanga, fomu inaweza kurudi. Badilisha leseni kwanza. Sisi wenye viza leseni zetu huisha pamoja na karatasi za uhamiaji, hivyo usisubiri ibakize wiki mbili ndipo uende. Nilitumia leseni ya namna hiyo na hawakuniuliza lolote la ziada.

Fomu ni bure. Ukishanunua utaletewa barua zenye nembo kama za serikali zikitaka dola kadhaa "tukuombee homestead". Tupa.

Kaka_Mbishi
Mnamzungusha tu. Afungue kampuni, anunue, apangishe, kodi ailipe mpangaji. Nani siku hizi anahangaikia misamaha ya dola mia saba?

MtuWaPangani
Ndugu yangu, huyu kasema anataka kuishi humo. Nyumba ikiwa kwa jina la kampuni, msamaha haupo Florida wala Texas. Na benki nyingi zinazotoa mkopo wa kawaida wa nyumba ya kuishi hazimkopeshi mtu aliyejificha nyuma ya kampuni. Kampuni ina faida zake kwa mpangishaji, ila hapa haijibu swali.

Na isije mtu akamshauri aombe msamaha halafu apangishe kimyakimya. Florida ikigundua hukustahili, inarudi nyuma mpaka miaka 10, inadai kodi yote uliyokwepa, faini ya asilimia 50 juu yake, na riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Wanalinganisha majina na majimbo mengine pia, kwa hiyo ukiwa na msamaha wa aina hii Georgia na mwingine Florida umekwisha.

DadaWaKaty
Tena hiyo mia saba ni ya Florida. Tupige hesabu ya Texas. Msamaha kwenye kodi ya shule, yaani sehemu ya kodi ya majengo inayokwenda shuleni, ulikuwa dola 40,000, mwaka 2023 ukapandishwa mpaka 100,000, na Novemba 2025 wapigakura wakapitisha 140,000. Fleti ya 280,000 maana yake shule inakutoza kwenye nusu tu ya thamani. Tuseme kiwango cha shule ni dola moja kwa kila mia: umeokoa 1,400 kwa mwaka, kabla hujagusa misamaha ambayo kaunti na jiji wanaweza kuongeza.

Nisiwe mchoyo wa ukweli lakini: viwango vya kodi Texas kwa kawaida ni vikali kuliko vya Florida. Msamaha mkubwa unapunguza mzigo ambao nao ulikuwa mkubwa.

MtuWaPangani
Hapo umesema. Florida msamaha una vipande viwili. Dola 25,000 za kwanza zinahusu kodi zote pamoja na ya shule. Kipande cha pili, nacho kilikuwa 25,000, kinahusu thamani iliyo juu ya 50,000 na hakigusi kodi ya shule. Tangu 2025 kinaongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Kwa kiwango cha, tuseme, dola 18 kwa kila elfu, ambapo sita ni za shule, unaokoa kama 750.

Ila huku fedha ya msamaha ni utangulizi. Utamu uko kwenye ukomo: ukishapata homestead, thamani ya kutozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au mfumuko wa bei ukiwa chini ya hapo. Asiye na homestead ukomo wake ni asilimia 10, na kodi ya shule haimo kwenye ukomo huo. Texas mwenye homestead ana asilimia 10. Ukikaa miaka kumi na mtaa ukapanda bei, tofauti hiyo inaizidi mbali ile mia saba ya Mbishi.

Ndiyo maana nakuonya, Ukerewe: bili ya kodi ya muuzaji isikudanganye. Utaona tangazo la fleti ya 280,000 limeandikwa kodi dola 1,200 kwa mwaka, roho ikatulia. Kumbe muuzaji kaishi humo miaka ishirini chini ya ukomo wa asilimia 3. Ukinunua, Januari inayofuata thamani inarudishwa kwenye bei ya soko, na bili yako inaweza kuwa mara tatu. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaunti nyingi zina kikokotoo kwenye tovuti ya mthamini; weka bei unayonunulia wewe.

BahariaDubai
Salaam kutoka huku. Dubai hakuna kodi ya majengo ya kila mwaka, kwa hiyo hakuna cha kusamehewa. Ila unanunua kwa ada ya uhamisho ya asilimia 4, na kwenye bili ya umeme na maji kuna ada ya nyumba ya asilimia 5 ya thamani ya pango, imegawanywa kwa miezi. Samahani kwa kuchepusha mada, naona tu watu wakidhani huku ni bure.

MamaTau
Mbona hamjamuuliza kitu cha maana? Kaka, una mtoto? Kazaliwa wapi?

Mwana_Ukerewe
Nina binti wa miaka mitatu, kazaliwa Atlanta. Kwani ana uhusiano gani na kodi?

MamaTau
Pangani, mjibu. Wewe ndiye mwenye sheria.

MtuWaPangani
Dada MamaTau, asante, hilo linageuza jibu lote la Orlando.

Katiba ya Florida inampa msamaha mwenye nyumba ambaye humo mna makazi ya kudumu yake mwenyewe *au ya mtu anayemtegemea*. Kulikuwa na familia kutoka Honduras, mume na mke kwa viza za muda, waliokuwa na fleti ya kondominiamu Key Biscayne. Watoto wao watatu walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Walipoomba homestead ya 2006 mthamini wa Miami-Dade akawakatalia kwa sababu ya viza. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Florida, na mwaka 2012 familia ikashinda: wazazi hawawezi kudai makazi ya kudumu, lakini watoto wao raia wanaweza kuyafanya hapo, na hilo linatosha. Inaitwa Garcia v. Andonie.

Kwa hiyo ombi lako lijengwe juu ya binti. Peleka cheti chake cha kuzaliwa au pasipoti yake ya Marekani, na ushahidi kwamba anaishi kwenye hiyo fleti: barua ya chekechea, kadi ya daktari wa watoto, chochote chenye anwani. Ukikuta karani hajawahi kuisikia kesi hiyo, mtajie jina na mwaka kwa upole, omba msimamizi. Wakikataa kwa maandishi, kuna bodi ya rufaa ya kaunti. Barua ya kukataliwa huwa na tarehe ya mwisho, isikupite.

NjeriMiami
Hamjambo. Mimi naishi kwenye kondominiamu Miami na naona mmesahau kitu kimoja kikubwa kuliko kodi. Juni 2021 jengo la Champlain Towers South lilianguka Surfside, watu 98 wakafa. Mwaka uliofuata Florida ikapitisha sheria: majengo ya ghorofa tatu na zaidi lazima yafanyiwe uchunguzi wa akiba ya matengenezo ya nguzo, paa na kadhalika, na kwa kawaida chama cha wamiliki hakiruhusiwi tena kuacha kuiweka hiyo akiba. Kwenye majengo ya zamani ada ya mwezi imepaa, na juu yake inakuja michango maalumu ya maelfu ya dola. Homestead haigusi hata senti ya hiyo ada.

Kabla ya kulinganisha Orlando na Houston, omba bajeti ya chama, ripoti ya akiba, na kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima. Zisome wewe, usimwachie wakala. Ukiona kikao kimejadili paa mara tatu bila kuamua, ujue mchango unakuja.

Kaka_Mbishi
Sawa, hapo kwa Njeri nimesalimu amri. Jengo la 1974 kando ya maji silitaki hata kwa zawadi.

Mwana_Ukerewe
Wakuu mmenifungua macho. Kuna fleti Orlando kwenye jengo la ghorofa mbili, na moja Houston ya mwaka 2015. Zote nikinunua nitafunga dili mwezi wa pili au wa tatu. Msamaha unaanza mwaka huohuo?

DadaWaKaty
Texas inawezekana. Tangu 2022 huna haja ya kungoja Januari 1. Ukihamia na mwenye nyumba wa kwanza hakuwa na msamaha mwaka huo, unahesabiwa kuanzia siku uliyostahili. Ila ukomo wa asilimia 10 unaanza mwaka unaofuata. Ukichelewa kuomba, dirisha la nyuma lipo kwa miaka kama miwili.

MtuWaPangani
Florida hapana. Ukinunua Februari, ya kwako ni Januari inayofuata. Kama muuzaji alikuwa na homestead, bili ya mwaka wa kununua itabaki ya kwake, ndogo. Na benki itapanga makato yako ya kila mwezi ya kulipia kodi hiyo kwa kutazama hiyo ndogo. Mwaka wa pili bili halisi inafika Novemba, akaunti ya makato haitoshi, na malipo ya mwezi yanaruka. Waandikie tangu siku ya kufunga dili wakokotoe kwa bei uliyonunulia. Wakigoma, weka tofauti hiyo pembeni kila mwezi.