Bootloda isiyosafisha RAM yote: rekebisheni skripti ya linka, acheni kutupiga danadana

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Tulinunua bodi 40 za kuendesha mita za maji za kulipia kabla, za sola na betri, ndani kuna chipu ya STM32F103 yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya KB 20. Chipu haina kosa. Kosa liko kwenye bootloda iliyokuja na bodi, yaani programu ndogo inayowaka kwanza kabla ya programu kuu, na muuzaji anatuzungusha tangu mwezi uliopita.

Betri ikiisha usiku, asubuhi bodi saba zinagoma. Taa nyekundu inapepesa, bootloda imekaa inasubiri sasisho ambalo hakuna aliyelituma. Kina mama wamepanga ndoo tangu saa kumi na moja alfajiri, bomba halitoi hata tone. Fundi wetu anapanda bodaboda, anabonyeza riseti, wapi! Anachomoa betri, anangoja, anarudisha. Mara inapona, mara haiponi.

Jibu la muuzaji: huku kwetu zinawaka vizuri. Nikauliza mnazijaribuje? Eti wanabonyeza riseti. Jamani, riseti haifuti RAM! Kilichokuwemo kinabaki kilekile.

Ikabidi nifungue mwenyewe faili la ramani, linaloonyesha kila kitu cha programu kimewekwa anwani ipi. Lugha ya C inaahidi kwamba kigeu cha jumla (global variable) usichokipa thamani kitaanza na sifuri, lakini anayetimiza ahadi hiyo ni msimbo wa kuanzia, unaoandika sifuri kwenye .bss yote (eneo la RAM la vigeu hivyo) kabla ya kuita main, programu yenyewe. Wa kwao unaandika hadi _ebss, alama inayopaswa kuwa mwisho wa .bss, basi. Sasa _ebss iko 0x20000A10, na kigeu kinachoamua kama tusubiri sasisho kiko 0x20000A14. Hakifikiwi kabisa.

Sababu yake: skripti yao ya linka (maelekezo kwa linka, programu inayopanga vipande vya programu kwenye kumbukumbu) haina mstari wa *(COMMON). Wanatumia kompaila ya GCC ya zamani, kabla ya toleo la 10 la mwaka 2020, na hiyo huweka vigeu vya namna hii kwenye kundi la COMMON. Linka isipoambiwa pa kuviweka, inavibandika mwishoni mwa .bss, nyuma ya alama ya _ebss. Umeme ukirudi, kila seli ya RAM inaangukia sifuri au moja kwa tabia yake, na tabia hutofautiana chipu kwa chipu. Ndiyo maana 33 zinawaka.

Nikawatumia haya yote na picha ya ramani. Wakarudisha "marekebisho": mstari mmoja ndani ya main unaokipa kigeu kile sifuri. Nyuma ya _ebss vimebaki vigeu vingine 11, kimojawapo ni urefu wa data ya kuandika kwenye flashi, kumbukumbu ya kudumu inayotunza programu! Hicho nacho mnasubiri kiharibu programu ya nani?

Dawa ni kuweka *(COMMON) kabla ya _ebss na kujenga kwa -fno-common, chaguo linaloizuia kompaila kutumia COMMON. Nimeijaribu kwenye bodi korofi kuliko zote. Nikajaza RAM takataka kwa makusudi (0xA5 badala ya sifuri) mwanzoni kabisa mwa msimbo wa kuanzia, ikawaka. Nikaikatia umeme kabisa na kuiwasha upya mara 50, ikawaka zote 50. Zilizobaki siwezi kuzigusa kwa sababu wanasema waranti itakufa.

Nataka bootloda mpya kwa bodi zote 40, pamoja na nauli za fundi. Na wewe uliyenunua bodi za namna hii, fungua faili lako la ramani, tafuta _ebss, kisha weka hapa chini kilichofuata baada yake.