Ujazo wa shahawa ml 0.7 na mbegu hazionekani: nianzie wapi?

Tabibu_Muheza
Wakuu, salaam. Mgonjwa wa miaka 34, ndoa ina miaka mitatu, mtoto hakuna, mke kapimwa yuko sawa. Kipimo cha shahawa: ujazo ml 0.7, mbegu hakuna hata moja. Aliwahi kupasuliwa busha pande zote mbili, na nahisi mirija ya mbegu ilikatwa hapo. Nimpe rufaa ya hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga, au kuna la kufanya kwanza?

Maabara_Ngamiani
Dokta, anza na sampuli yenyewe. Alijizuia siku 2 hadi 7? Kuna kilichomwagika nje ya kikopo? Wengi wanaona aibu kukisema, na sehemu ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Hata mate au sabuni aliyopaka mkononi huharibu, na kondomu ya dukani ndiyo kabisa. Atolee hapo hapo kituoni. Akitolea nyumbani kikopo kifike ndani ya saa moja, akibebe karibu na mwili kipate joto lake, kisiwekwe kwenye barafu.

Ujazo pimeni kwa mizani: kikopo kitupu, kisha chenye shahawa, gramu 1 ni kama ml 1. Bomba la sindano hudanganya kwa sababu shahawa nzito hubaki ukutani. Na msiandike "hakuna mbegu" kabla ya kuzungusha sampuli kwenye mashine na kuangalia mashapo. Mwongozo wa WHO wa kupima shahawa, toleo la 2021, unaweka kiwango cha chini cha ujazo ml 1.4. Kipimo kimoja hakitoshi, rudieni.

Daktari_Raskazone
Hapo kwenye busha sikubaliani, mkuu. Mirija ikikatwa korodanini mbegu hukosekana, ila ujazo haupungui kiasi hicho, maana mbegu na maji yake ni asilimia chache tu ya shahawa. Sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya shahawa, iliyobaki kwenye tezi dume. Ujazo mdogo unakuelekeza juu zaidi. Shahawa yake ina pH (kipimo cha uasidi) gani?

Tabibu_Muheza
6.8. Fruktosi, ile sukari inayotoka kwenye vifuko vya shahawa, hatupimi hapa.

Daktari_Raskazone
Chini ya 7.2, ujazo mdogo, mbegu sifuri: maji ya vifuko hayafiki. Mshike korodani. Mrija wa mbegu huhisika kama tambi kavu kati ya vidole. Ukiukosa pande zote mbili, kazaliwa bila mirija, na hakuna kidonge cha kuirudisha. Ukiwepo, fikiria kuziba kwa njia ya kutolea shahawa. Kwa mtu wa Muheza uliza kichocho: mkojo wenye damu utotoni, au damu kwenye shahawa. Praziquantel huua minyoo, lakini kovu lililokwisha kuganda haliondoi.

Kabla ya rufaa mpe vikopo viwili. Akojoe kwanza, atoe shahawa kwenye kikopo cha kwanza, kisha akojoe tena kwenye cha pili, zungusheni mkojo huo. Mbegu zikiwemo, shahawa inarudi kibofuni. Hapo tafuta kisukari au dawa kama tamsulosini (ya tezi dume). Sindano za testosteroni za jimu nazo uliza waziwazi, zinazima utengenezaji wa mbegu.

Barua ya rufaa iandike ujazo, pH na hali ya mirija, na uombe ultrasaundi ya kupitia njia ya haja kubwa. Ukiandika "ugumba" peke yake, ataanza upya kwenye foleni.

Maabara_Ngamiani
Na hizo "dawa za kuongeza bao" sokoni mwambie aache, haziwezi kufungua mrija.