Re: Filta ya darubini ya kupeleka Kongwa, ninunue ipi?

Kutoka: Hamburg

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za huko mliko.

Mwezi wa saba naenda nyumbani Dodoma. Shemeji yangu anafundisha fizikia sekondari huko Kongwa, na shule yao ina darubini ya kioo yenye mdomo wa milimita 200. Ameniomba nimpelekee filta. Duka la hapa lina seti ya filta sita za rangi kwa euro 30, halafu lina filta moja tu iliyoandikwa UHC (ya kutazamia nebula) kwa euro 110. Ukizishika zote ni vioo vidogo vya inchi moja na robo. Muuzaji ananiambia tofauti ni ubora. Ubora gani huo? Na kwa anga la kwetu, ipi itawafaa wanafunzi?

Kutoka: Jena

Marahaba mdogo wangu. Kazi yangu ya kila siku ni kupaka vioo matabaka membamba ya kuchuja mwanga, kama ya hizo filta, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka achukue hili: nunua hiyo moja, seti iache.

Filta haiongezi mwanga hata chembe. Kazi yake ni kuzuia. Kwa hiyo ubora wake uko kwenye maswali mawili: kile inachotakiwa kupitisha kinapita kwa wingi gani, na kile inachotakiwa kuzuia kinazuiwa kweli? Nebula, yaani wingu la gesi angani, kama ile iitwayo M8 iliyo kwenye kundi la nyota la Mshale, hung'aa kwa mistari michache tu ya mwanga, yaani rangi chache mahususi, kila moja na urefu wake wa wimbi unaopimwa kwa nanomita. Oksijeni ina mistari ya nanomita 495.9 na 500.7, haidrojeni ina wa 486.1 na ule mwekundu wa 656.3. UHC inafungua dirisha jembamba, nanomita 20 hadi 30 hivi, linalobeba mistari hiyo mitatu ya kwanza, kisha inafunga kwingine. Anga linakuwa jeusi, nebula inabaki.

Filta nzuri hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mistari hiyo. Kwenye filta ya ovyo utakuta dirisha limesogea nanomita chache pembeni, na mstari wa 500.7, ambao kwa nebula nyingi ndio wenye nguvu kuliko yote, umekatwa nusu. Hilo huwezi kuligundua dukani kwa macho. Omba mchoro wa vipimo, tena wa filta yenyewe au wa toleo lake, maana ule uliochapwa kwenye boksi ni wa mfano tu. Kiwanda kinachopima bidhaa zake hakioni taabu kukupa.

Tazama pia nje ya dirisha. Utaona kiwango cha kuzuia mwanga kimeandikwa OD. OD 3 maana yake inapita sehemu moja kati ya 1,000, OD 4 sehemu moja kati ya 10,000. Filta rahisi huwa zinavuja huko pembeni, na mvujo huo ndio unaorudisha weupe wa anga uliolipa pesa kuuondoa.

Sasa kuna mambo unayoweza kuyakagua mwenyewe mkononi. Elekeza filta kwenye ukuta mweupe, uinamishe polepole. Rangi ikibadilika kadiri unavyoinamisha, hayo ni matabaka halisi, makumi ya tando nyembamba zilizopangwa kwa zamu juu ya kioo. Rangi isipobadilika, ni kioo kilichotiwa rangi tu, kama hizo sita za kwenye seti. Kisha iweke mbele ya taa kali utafute vitundu vya mwanga. Ukingo wa kioo uwe umepakwa weusi, la sivyo mwanga utaingilia ubavuni. Na ukipata nafasi usiku, tazama nyota angavu kwa ukuzaji mkubwa: ikibaki nukta, kioo kimesawazishwa vizuri pande zote mbili, ikivimba au ikizungukwa na duara la ukungu, rudisha.

Uliza pia kama tando ni ngumu. Zamani zilikuwa laini, zikinyonya unyevu na kuota madoa kuanzia ukingoni. Siku hizi viwanda vizuri hushindilia matabaka kwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), yanatoka imara kabisa. Usiseme Dodoma ni kukavu ukaipuuza, filta hiyo itapitia Dar.

Kuhusu taa. Filta pana, yaani zenye dirisha kubwa, za kuzuia mwanga wa mji zilibuniwa enzi za taa za njano za sodiamu, ambazo mwanga wake umejazana karibu na nanomita 589. Taa za LED zinamwaga rangi zote, kwa hiyo filta pana inapitisha sehemu kubwa ya mwanga wake. Dirisha jembamba bado linasaidia. Kongwa kwenyewe giza lipo, na huko ndiko UHC inakofanya maajabu, maana hata anga safi lina mng'ao wake wa asili.

Mwalimu aitumie na lenzi ya jichoni ya ukuzaji mdogo, milimita 25 hivi. Akiweka ya 6 picha itazama gizani na wanafunzi watasema kifaa kibovu. Julai na Agosti, jioni, M8 iko juu kabisa. Nebula ya kundi la Jabari, M42, inapita karibu utosini mwa Dodoma, lakini msimu wake unaangukia kwenye mvua, Desemba hadi Februari, basi wavizie siku mawingu yanapofunguka. Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota, na galaksi watazame bila filta: huo ni mwanga wa nyota, una rangi zote, filta itaupunguza bure.

Kutoka: Leicester

Kaka wa Jena asante sana. Mimi naomba niongeze jambo moja, tena kwa mkazo, kwa sababu hapa tunazungumzia watoto.

Baadhi ya darubini za zamani zilikuja na filta ndogo ya jua ya kufungwa kwenye lenzi ya jichoni. Kama ipo kwenye boksi la shule, ivunjwe itupwe. Pale joto la jua limekusanywa sehemu moja, kioo kinaweza kupasuka jicho likiwa palepale. Filta ya jua hukaa mbele, mdomoni mwa darubini, na ya kutazamia kwa macho iwe OD 5, yaani sehemu moja kati ya 100,000. Filta hiyo huuzwa kama karatasi; ipo ya OD 3.8 kwa ajili ya kupiga picha, hiyo si ya macho. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ni ya kutazamia bila darubini, isitumike kabisa na darubini.

Upepo wa Dodoma wa Julai mnaujua. Hiyo filta ya mbele ifungwe kwa plasta pande zote, na kile kidarubini cha kulengea kifunikwe. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kwa sehemu huko nyumbani, kwa hiyo kaka, hiyo karatasi ya OD 5 iweke kwenye begi hilohilo.

Kutoka: Hamburg

Dada nimekuelewa, naongeza karatasi ya jua. Kaka, vipi kuhusu vumbi? Na nitajuaje kama uzi wake, ile skrubu ya kuifungia, utaingia kwenye lenzi za shemeji?

Kutoka: Jena

Uzi wa inchi moja na robo ni M28.5 kwa 0.6 (kipenyo na nafasi kati ya mikunjo ya uzi, kwa milimita), wa inchi mbili ni M48 kwa 0.75. Si kila kiwanda kinaufuata barabara, kwa hiyo mwambie mwalimu akupigie picha ya lenzi zake kwa chini, pale kwenye uzi, na jina la kiwanda.

Vumbi lipulizwe kwanza kwa pampu ya mpira. Wasifute kwa kanga wala kwa pindo la shati, ule mchanga unachora tando. Alama ya kidole ifutwe kwa karatasi ya lenzi yenye kimiminika cha kusafishia lenzi, wasimwagie juu ya kioo. Na kwenye ndege ibebe mkononi, ndani ya kasha lake.