Niombe ruhusa kwanza, au nipige picha kwanza?

Kivuli cha Feri:
Habari za jioni, ndugu zangu. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikienda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kila Jumamosi asubuhi, nikiandaa mfululizo wa picha za vijana wanaopaa samaki. Nikiomba ruhusa, mtu huacha kazi, hunyoosha mgongo, hukunja mikono kifuani na kunitazama kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nisipoomba, napata nilichokitaka, magamba yakiruka na jasho likimtiririka, lakini narudi nyumbani nikijiona mwizi. Jumamosi iliyopita mmoja wao aliniuliza mbele ya wenzake picha zake nauza shilingi ngapi, nikakosa jibu. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Filamu:
Ndugu yangu, picha ile ya mikono kifuani usiidharau. Ipige kwa heshima, maana hiyo ndiyo anayoitaka yeye. Ukishaipiga, usiondoke. Nunua samaki wako, mwombe akupaie, zungumzeni habari za bei na za bahari, na baada ya robo saa atakuwa amekusahau, kwa kuwa wateja wengine wanamsubiri. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Kamera nayo uiandae mapema ili usihangaike nayo mbele ya watu: lenzi ya milimita 35, kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga kwenye f/8, umbali wa kulenga uliokwishapangwa kwenye mita mbili, na kasi ya shata isiyopungua 1/500 ya sekunde ukitaka gamba lionekane likiwa hewani. Chini ya paa italazimu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na chengachenga zitakazotokea kwenye picha zisikutie hofu. Jambo moja limeniharibia picha nyingi mimi mwenyewe: ukisimama ukiielekea bahari, kamera inayojipimia mwanga itaufuata mng'ao wa maji na kuzigeuza nyuso za watu kuwa vivuli vitupu. Pima mwanga usoni.

Dada wa Mvita:
Nakubaliana na Mzee, lakini swali la yule kijana halijajibiwa, nalo ndilo zito. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, bila kumwuliza jina. Picha ikapata umaarufu dunia nzima, na hadi mwaka 1978 ndipo ilipojulikana hadharani kwamba mama huyo ni Florence Owens Thompson, naye akalalamika kwamba hakuwahi kupata hata senti moja. Lange mwenyewe hakutajirika kwa picha ile, kwa kuwa aliipiga akiwa mwajiriwa wa serikali ya Marekani, lakini hilo halikumwondolea mama yule kinyongo.

Hapa Mombasa nawapiga picha mahamali wa soko la Marikiti, na baada ya wiki mbili huwarejea na picha zilizochapishwa kwenye karatasi, si za kuonyeshana kwenye simu. Wa kwanza niliyempelekea alifuta mikono kwenye kikoi, akaipokea, akaitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa nini sikumngoja avae shati. Nikampiga tena, akiwa na shati. Ile ya kifua wazi, ambayo kwa macho yangu ndiyo bora, sijaionyesha popote hadi leo.

Kivuli cha Feri:
Shukrani Mzee, shukrani dada. Ninazo picha zipatazo 40 za vijana wale, na sijampelekea yeyote hata moja, kwa hiyo naona wazi pa kuanzia. Naomba kuuliza tu: mtu akiikataa picha yake, unaifuta mbele yake au unaiweka?

Dada wa Mvita:
Nikiombwa kufuta, nafuta papo hapo naye akiona. Yule wa shati hakuniomba niifute; alisema tu kwamba hapendi watoto wake waione.