Kuhusu Lucera, karibu na Foggia: makazi, usafiri na pa kutembea

Ndugu zangu, salaam. Nimepata kazi ya kumtunza bibi mzee huko Lucera, kusini mwa Italia, na nitalala humohumo nyumbani kwake. Mji wenyewe ukoje? Na siku ya mapumziko mtu huenda wapi?

Jibu:

Dada, hongera. Usafiri usikutie wasiwasi: kutoka Foggia kuna treni ndogo, dakika 20 hivi.

Shughulikia karatasi mapema. Mwenye nyumba anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48 kwamba anamlaza mgeni. Kisha wewe uende comune, yaani ofisi ya manispaa, kuomba residenza, yaani kuandikishwa kama mkazi. Askari wa mji watakuja kuhakikisha kwamba unakaa hapo kweli, kwa hiyo jina lako liandikwe kwenye kengele ya mlango na kwenye sanduku la barua. Wengi hukwama hapo, halafu kadi ya matibabu nayo inachelewa.

Sasa mapumziko. Walezi wengi hupewa Jumapili na nusu ya Alhamisi. Jumapili yako ya kwanza, nakusihi, panda kilimani mpaka ngomeni. Ukuta wake una mzunguko wa mita 900 hivi, ulijengwa na Mfalme Charles I wa Anjou, na ndani yake kuna msingi wa kasri la Mfalme Frederick II. Huyo Frederick, kuanzia miaka ya 1220, aliwahamisha Waislamu wa Sicily kwa maelfu akawaweka Lucera. Walilima, walifua silaha, walimpigania vitani, na adhana ilisikika katikati ya nchi ya Wakristo. Kuna wakati mji ulikuwa chini ya Giovanni il Moro, mtu mweusi, mtoto wa kijakazi, aliyepanda cheo katika jumba la mfalme mpaka akauawa mwaka 1254. Mimi habari hiyo ilinigusa sana. Sisi tunaopita mitaa ile na mifuko ya sokoni si watu weusi wa kwanza kuonekana pale.

Mwaka 1300 Mfalme Charles II, mwana wa yule Charles I, aliivunja jamii ile ya Waislamu, watu wakauzwa utumwani, na mahali pa msikiti pakasimamishwa kanisa kuu. Liko uwanjani katikati ya mji, na nguzo zake za marumaru ya kijani zilitolewa kwenye majengo ya zamani zaidi. Ingia hata kama si Mkristo, ukae kidogo.

Ukingoni mwa mji, upande wa mashariki, kuna uwanja wa michezo wa Warumi wa enzi za Augusto, uliofukuliwa kuanzia 1932. Uliza saa za kufungua kabla hujatoka, kwani mchana wa kiangazi mji mzima hufunga milango.

Jibu:

Niongezee hapo, dada. Katikati ya Agosti ni sikukuu ya Santa Maria, msimamizi wa mji, na maofisi hulala. Kama una fomu ya kupeleka, ipeleke Julai.